DPBF inapungua hata bila changamano la rutheni: tatizo liko wapi?

Maabara_Tabora
Wakuu, habari za kazi. Hapa Tabora tunapima uwezo wa machangamano ya rutheni (metali iliyozungukwa na molekuli) kuzalisha oksijeni singleti, yaani oksijeni iliyochangamshwa inayodhuru seli, yakimulikwa, kabla ya kuomba ushirikiano na maabara inayokuza seli za saratani. Tumeanza na [Ru(bpy)₃](PF₆)₂ kama rejea, ndani ya kiyeyushi cha asetonitrili, pamoja na DPBF (kemikali inayoliwa na oksijeni singleti, hivyo ufyonzaji wake wa mwanga hushuka). Taa ni LED ya bluu ya 450 nm, na ufyonzaji wa DPBF tunausoma kwenye 410 nm. Unashuka vizuri, lakini kuveti (kichupa cha kupimia) yenye DPBF peke yake nayo inashuka, kwa karibu theluthi ya kasi hiyo. Meza iko dirishani. Je, namba hizi zinafaa?

Mwanga_wa_Ujiji
Kwa sasa hazifai, ila kazi inaokoleka. Kilele cha DPBF ni hiyohiyo 410 nm, na mkia wake unakaribia 450. LED nayo haitoi wimbi moja tu, hutawanyika nm 20 hivi, kwa hiyo sehemu ya mwanga wenu inaiharibu DPBF moja kwa moja bila rutheni kuhusika. Jua la dirishani linaongezea.

Tumieni LED ya 470 nm, na mbele yake kichujio cha njano kinachokata chini ya 455. Msikimbilie kijani: kilele cha changamano hili ni 452 nm, na kwenye 530 halifyonzi karibu chochote. Dirisha lifunikwe kwa kaniki nzito, chupa ya DPBF ivikwe foili.

Vipimo: yeyusha mg 13.5 za DPBF katika mL 10 za asetonitrili (mM 5). Mikrolita 30 ndani ya mL 3 zinatoa µM 50, na ufyonzaji unaanzia karibu 1.1. Changamano pimeni mg 8.6 kwa mL 10 (mM 1), kisha mikrolita 30 vilevile. Andaeni DPBF siku ileile ya kazi. Ya jana msiiamini.

Kila mara endesheni kuveti tatu: DPBF na changamano kwenye mwanga, DPBF peke yake kwenye mwanga, na mchanganyiko kamili gizani. Kasi ya kuveti ya pili itolewe kwenye kasi ya ile ya kwanza. Ya tatu ikishuka, ama kuna mmenyuko wa gizani, ama mwanga wa spektrofotomita (mashine ya kusoma ufyonzaji) wenyewe unaila DPBF. Fungeni kizuizi cha mwanga kati ya usomaji.

Kemia_Mwanga
Naongezea. Umeme ukiyumba, mwanga wa LED unayumba nao, na mteremko wa ufyonzaji kwa muda unapinda. Wekeni kidhibiti cha mkondo au betri, na taa iwake dakika kadhaa kwenye bamba lake la kupozea hadi joto litulie kabla ya kuweka kuveti, kwani ikipata joto nguvu hupungua.

Hesabu: mavuno ya oksijeni singleti = 0.57 × (k/k ya rejea) × (F ya rejea/F). k ni kasi ya kushuka baada ya kutoa ile ya DPBF peke yake. F ni 1 − 10⁻ᴬ, na A ni ufyonzaji wa changamano peke yake kwenye wimbi la taa; uwe kati ya 0.1 na 0.2. Hiyo 0.57 ni ya [Ru(bpy)₃]²⁺ katika asetonitrili yenye hewa. Msiibebe kwenda kwenye maji. Tumieni sehemu iliyonyooka tu, kabla DPBF haijapungua kwa asilimia 20.

Maabara_Tabora
Asanteni sana. Tukihamia kwenye maji, DPBF itafaa?

Mwanga_wa_Ujiji
Hapana, haiyeyuki vizuri. Inaganda chembechembe, ufyonzaji unashuka, mtu anadhani ni oksijeni singleti. Kwenye maji tumieni ABDA, inayofanya kazi ileile ya DPBF lakini huyeyuka majini, na someni karibu 380 nm. Kisha thibitisheni kwa kupitisha nitrojeni: oksijeni ikitoka, mteremko ufe. Gesi ipitishwe kwanza kwenye chupa yenye kiyeyushi kilekile, la sivyo sampuli inakauka na ufyonzaji unapanda.

Kemia_Mwanga
Msitupe changamano kwa sababu ya namba ndogo ya DPBF. Padeliporfini, dawa ya paladi iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume, humulikwa kwa 753 nm na hushambulia mishipa ya damu ya uvimbe hasa kwa superoksidi na radikali za haidroksili, aina nyingine za oksijeni kali, si oksijeni singleti. Kina cha mwanga nacho kinaamua mengi: kijani huishia milimita chache tu, ndiyo maana TLD1433, dawa ya rutheni inayomulikwa kwa kijani, inajaribiwa kwenye saratani ya kibofu ambayo bado iko juu juu ya utando. Kwa uvimbe wa ndani zaidi, tafuteni ligandi (molekuli zinazoizunguka metali) zinazosogeza ufyonzaji kuelekea nyekundu kabla hamjatumia pesa kwenye seli.