Mama mdogo kagoma kuniandikia barua ya kodi ya nyumba, na serikali imenikatalia posho kwa sababu nilisema ni "mama yangu"

Ghalani24

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, wengine habari zenu. Miaka yote nasoma tu humu, leo yamenifika shingoni.

Nina miaka 24, nipo Uingereza tangu nina 11. Nililetwa na marehemu mama, nina ukaazi wa kudumu. Kazi yangu ni ya ghalani kupitia wakala, ule mkataba usio na saa za uhakika. Kabla ya Krismasi nilikuwa napiga shifti tano kwa wiki. Tangu Januari ni mbili, na kuna wiki simu hailii kabisa. Mwezi uliopita nimeingiza pauni 640.

Naishi kwa mama mdogo, ila si bure. Nyumba ni ya kukodi, vyumba vitatu, mkataba una jina lake peke yake na analipa 1,050. Mimi natoa 400. Chumba cha tatu ana dada mmoja wa Kikenya aliyekuja kwa viza ya kulea wazee, yeye anatoa 450. Jiko na bafu tunatumia wote.

Nilifungua ombi la Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Posho ya msingi wamenipa, sehemu ya kodi wamekataa. Kwenye mahojiano afisa aliuliza unaishi na nani, nikajibu kama ninavyojibu siku zote, naishi na mama yangu. Na unamlipa nani kodi? Mama yangu. Ikaja barua kwamba hawalipii kodi ya kumpa ndugu wa karibu mnayeishi naye nyumba moja.

Nikamwomba mama mdogo aniandikie barua ya kuthibitisha kwamba namlipa. Akanijibu, "Barua ya nini? Unataka waje kuhesabu masufuria yangu?" Leo siku ya nne, chai ananiachia mezani lakini hakai.

Je, nina haki au sina? Yule dada wa Kikenya nitamharibia viza? Na mama nimwingieje? Barua ya kukataliwa ina wiki mbili sasa.

MpembaHalisi

Yakhe pole. Ushauri wangu mfupi: hama. Miaka 24 bado unaulizwa chai imeachwa mezani au kwenye thamosi.

Ghalani24

Nihamie wapi mkuu, na 640?

Karatasi

Kijana, usihame, na usikate tamaa. Mimi Jumamosi huwa nawajazia watu fomu kwenye ukumbi wa msikiti, na kisa kama chako hiki si cha kwanza kukutana nacho. Lugha ndiyo iliyokuponza.

Kwetu mama mdogo ni mama. Kwenye kanuni za Universal Credit "ndugu wa karibu" wameorodheshwa: mzazi, mzazi wa kambo, mkwe, mtoto, kaka na dada, pamoja na wenzi wao. Mama mdogo hayumo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, binamu hayumo. Uliposema "mama yangu" afisa aliandika mzazi, na kwa mzazi uamuzi wake ulikuwa sahihi. Hakukuonea. Wewe ndiye uliyempa taarifa isiyo sahihi kwa lugha yao, japo kwa lugha yetu ulisema kweli tupu.

Kwa hiyo omba uamuzi uangaliwe upya. Una mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua. Andika kwenye jarida la akaunti yako ya mtandaoni, kwa maneno machache: anayenikodisha ni dada wa marehemu mama yangu, si mzazi wangu. Weka cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama, na cheti cha kifo kama unacho. Wakikataa tena kuna baraza la rufaa, lakini sidhani utafika huko.

Sasa usishangilie mapema, kuna mlango wa pili. Watataka kujua kama kodi hiyo ni ya kweli au ni mapatano ya kifamilia ya kuchotea serikali. Swali lenyewe huwa hivi: usipolipa, atakufanya nini?

Ghalani24

Kusema ukweli? Atanisema mpaka nihame mwenyewe. Ila chakula atanipa.

Karatasi

Hahaha. Basi usidanganye, lakini usiishie hapo. Eleza kwamba nyumba ni 1,050, kwamba mpangaji asiye ndugu anatoa 450 kwa chumba cha namna hiyo hiyo, na kwamba bila 400 yako mama hafikishi kodi ya nyumba. Hiyo ni biashara, hata kama kuna wali juu yake. Ulikuwa unamlipa kwa benki au mkononi?

Ghalani24

Miezi sita ya mwanzo mkononi. Baada ya hapo benki, kila tarehe 28.

Karatasi

Ya benki yanatosha kuanzia. Hesabu yako sasa, ili ujue unapigania nini. Kwa viwango vya Aprili 2025 hadi Machi 2026, asiye na mwenza aliye chini ya miaka 25 anapata posho ya msingi 316.98 kwa mwezi. Ukifikisha 25 inakuwa 400.14. Juu ya hapo wanaongeza kodi, ila si lazima iwe 400 yako yote. Asiye na mwenza chini ya miaka 35 anayekodi kwa mtu binafsi anahesabiwa kwa bei ya chumba kimoja kwenye nyumba ya kushirikiana, wanaita Shared Accommodation Rate. Zamani ilikuwahusu walio chini ya 25, Januari 2012 wakapandisha hadi 35. Kila eneo lina kiwango chake, weka postikodi yako kwenye tovuti ya serikali utakiona. Viwango hivyo vilipandishwa Aprili 2024 kisha vikagandishwa, huku kodi za mitaani zikiendelea na safari zake.

Chukulia kwenu ni 350. Jumla 666.98. Kwa kila pauni unayofanyia kazi wanakata senti 55, na kwa kuwa huna mtoto wala ulemavu wanakata kuanzia pauni ya kwanza. 640 yako inakata 352. Unabaki na 314.98. Bila sehemu ya kodi ungekuwa unapata nini? 316.98 toa 352. Sifuri.

Ghalani24

Ndiyo maana mwezi huu wameniandikia 0! Nilidhani mfumo umekosea.

Otish_Reading

Niaje wasee. Kuhusu huyo sister wa Kenya, relax kabisa. Mimi pia nilikuja na hiyo viza ya kulea wazee, najua vile inatia watu baridi. Viza yake imeandikwa hana ruhusa ya kuguza pesa za umma, na hiyo ni yake yeye. Wewe na yeye si bwana na bibi, mko tu chini ya paa moja. Ombi lako halihesabu mtu mwingine. Kitu asifanye ni kuomba chochote kwa jina lake mwenyewe. Ningekuwa wewe ningemwambia mapema kabla asikie kwa mtu mwingine, juu akiona barua za serikali mlangoni anaweza pakia sanduku usiku.

Zuhra_Chuoni

Samahani kuingilia uzi. Mimi nipo na viza ya mwanafunzi, tunakaa wanne Coventry. Naweza kuomba hii?

Otish_Reading

Hapana dada. Viza ya mwanafunzi ina hiyo hiyo hana ruhusa. Usijaribu hata kwa kubahatisha, utaharibu mbele.

BibiWaBarking

Mimi nimesoma yote haya ya sheria, mnajua sana, hongereni. Lakini hakuna aliyejiuliza mama mdogo anaogopa nini. Mtu aliyekulea tangu dada yake afe hagomi karatasi moja bila sababu.

Mwanangu, nitakutajia ninayoyafikiria, kwa sababu nami niliwahi kupangisha vyumba. Kwanza, mwenye nyumba anajua kuwa amewapangisha nyinyi? Mikataba mingi hairuhusu kuweka mpangaji bila idhini, na barua yako ikienda na anwani, mama anaona imeshamfika mwenye nyumba. Pili, nenda jikoni ukaangalie bili ya kaunsili (serikali ya mtaa), ile ya taka na taa za barabarani. Mtu mzima anayeishi peke yake anapunguziwa asilimia 25. Kama alikuwa peke yake akaomba punguzo, kisha mkaingia nyinyi, akasahau kusema, au hakusahau...

Sisemi ni mwizi. Nasema masufuria anayoogopa yahesabiwe huenda si masufuria.

Ghalani24

Bibi... nimetoka jikoni sasa hivi. Imebandikwa kwenye friji. Ina punguzo.

BibiWaBarking

Basi ndiyo hiyo. Usimwambie umeiona.

MpembaHalisi

Nimefuta utani wangu wa thamosi. Hili zito.

Karatasi

Bibi kaniwahi. Naongeza la tatu. Anayepangisha chumba chenye samani ndani ya nyumba anayoishi, hata kama naye ni mpangaji, anasamehewa kodi ya mapato hadi pauni 7,500 kwa mwaka. Nyinyi wawili mnampa 850 kwa mwezi, yaani 10,200. Amevuka, anatakiwa kujaza fomu. Inawezekana mwishoni hadaiwi hata senti, maana naye analipa nyumba nzima, lakini kutodaiwa na kutojaza ni vitu viwili.

Kwa punguzo la kaunsili, anayejipeleka mwenyewe hutendewa tofauti na anayekamatwa. Watamrudishia hesabu tangu mtu wa pili alipoingia, atadaiwa tofauti, na mara nyingi hukubali ilipwe kidogo kidogo. Bora apige simu kabla barua yako haijaenda. Na asiende peke yake gizani: washauri wa Citizens Advice hawatozi, na kama Kiswahili ndiyo lugha anayoielewa vizuri, aombe mkalimani. Usimtafsirie wewe kwenye jambo linalokuhusu mwenyewe.

Halafu swali kwako: una akiba?

Ghalani24

Sina. Ila mimi ndiye katibu wa kibati (upatu) cha vijana wetu, tuko kumi na wanne, mia tano tano. Kwa siku mbili tatu kila mwezi akaunti yangu inakaa na 7,000 kabla sijamtumia mwenye zamu.

Karatasi

Ya Rabi. Kabidhi ukatibu kesho. Ukiwa na zaidi ya 6,000 wanakukata 4.35 kwa kila 250 iliyozidi, ukipita 16,000 hupati kitu. Pesa ya watu wengine si mali yako kisheria, ni kweli, lakini utakaa kuthibitisha hivyo kwa watu kumi na watatu wanaojulikana kwa majina ya utani kwenye kundi la WhatsApp. Na zamu yako ikifika, hiyo itaangaliwa kama yako.

Ghalani24

Nimekabidhi. Nitarudi na mrejesho wa mama. Kesho yuko mapumziko.

Ghalani24

Mrejesho, baada ya siku tatu.

Sikumtajia friji. Nilimkuta anaosha vyombo, nikachukua kitambaa nikawa nafuta. Nikamwambia mama, nilikosea kukuomba barua kabla ya kukuuliza kama ina madhara kwako. Kama ina madhara niambie, naacha. Akanyamaza sahani kama tatu hivi. Halafu akasema yote mwenyewe. Punguzo aliliomba mwaka niliokwenda kukaa Birmingham, alipokuwa peke yake kweli. Niliporudi hakusema. Alipoingia yule dada ndiyo akaogopa kabisa kusema. Mwenye nyumba anajua kuhusu sisi wawili, ila kwa mdomo, alikuja kutengeneza boila akatukuta akacheka tu.

Jana ametoka kwa wale washauri na mkalimani wa kike, bila mimi. Simu kaunsili imepigwa huko huko. Deni lipo, watamtumia hesabu, atalipa kila mwezi. Nilimwambia nusu ni yangu. Akasema, "Theluthi. Huyo binti naye ana miguu miwili anakanyaga barabara zao." Yule dada nilimweleza kama Otish alivyosema. Alikuwa ameshaanza kukunja nguo kweli.

Mwenye nyumba kaandika ujumbe wa simu kwamba hana pingamizi, Karatasi niambie kama huo unatosha.

Sasa barua. Aliandika kwa mkono, kwa Kiingereza chake, mstari wa kwanza: huyu ni mwanangu. Nikamwambia mama, hilo neno ndilo lililonikosesha, lifute. Akasema halifuti. Tukabishana kama robo saa, mimi nasoma kanuni kwenye simu, yeye anauliza ni nani huyo aliyekaa London akaamua mtoto wa dada yake si mtoto wake. Sikuwa na jibu.

Mwisho akachukua karatasi mpya, akaandika "mtoto wa marehemu dada yangu", akataja chumba, akataja 400, akatia saini, akapanda juu kulala bila kuniaga. Ile ya kwanza hakuichana, ameiacha mezani, nimeiweka kwenye pochi.

Ya pili nimeipakia leo asubuhi. Zimebaki siku tisa.

Karatasi

Ujumbe wa simu upige picha ionekane na namba na tarehe, pakia. Pakia na taarifa za benki za miezi yote uliyolipa, si mwezi mmoja. Wakikubali, kodi inahesabiwa tangu ombi lako la kwanza. Ikiwa kiwango cha eneo kitakuwa chini ya 400, kaunsili ina fungu la kusaidia waliozidiwa na kodi, njoo tuliombe.

BibiWaBarking

Na leo jioni pika wewe.