Kwa nini zepelini za vita ziliwekewa fremu? Si wangejaza tu puto kubwa?

Mdadisi77
Wakuu habari zenu. Nimezama kwenye zile zepelini (vyombo vikubwa vya anga vinavyoelea kwa gesi) za jeshi la Ujerumani za Vita vya Kwanza vya Dunia na kuna kitu kinanisumbua. Kama gesi ndo inayobeba chombo, kwa nini wajipe kazi ya kujenga mifupa ya alumini kuanzia puani mpaka mkiani, zaidi ya mita 150, wakati mifupa yenyewe ni mzigo? Si wangeshona mfuko mmoja mkubwa wakajaza haidrojeni basi? Na hiyo gesi waliizuiaje isivuje? Wajuvi naombeni shule.

fundi_anga
Mkuu, puto lisilo na mifupa lilikuwepo na lilifanya kazi. Wajerumani walikuwa na vyombo vya aina hiyo vilivyoitwa Parseval, na Waingereza mwaka 1915 walichukua bodi la ndege ya BE2c wakalifunga chini ya puto, ndani ya wiki chache wakawa na chombo cha kusaka nyambizi. Shida ni kwamba puto la hivyo linashika umbo kwa presha ya ndani tu, ndo maana linawekewa vifuko vya hewa ya kawaida unavyovipuliza gesi ikisinyaa. Sasa ukilikuza kitambaa kinavutika zaidi, ukiongeza spidi upepo unabonyeza pua, na mzigo wote umening'inia sehemu moja. Fremu inakutoa kwenye matatizo hayo yote, injini na mabomu unayatawanya urefu wote wa chombo na gesi unaigawa kwenye mifuko mingi. Zepelini ya kwanza, LZ 1, iliyoruka Julai 1900 juu ya ziwa Bodensee ilikuwa na mita 128 na mifuko 17, mmoja ukitoboka hauanguki.

Kuhusu kuvuja, jibu ni utumbo wa ng'ombe. Wanachukua ule utando mwembamba wa nje, wanauparua mafuta, wanauloweka, halafu wanapandisha kingo za kipande kimoja juu ya kingine, zikikauka zinashikana zenyewe, kisha wanabandika juu ya kitambaa chepesi cha pamba. Chombo kimoja kikubwa kilikula ng'ombe zaidi ya 200,000. Kitambaa cha mpira kilikuwa kizito zaidi, na kikichanika kinaweza kutoa cheche za umeme, jambo ambalo hulitaki kabisa karibu na haidrojeni.

Mti_na_Gundi
Naongezea hapo kwenye fremu maana watu wanamsahau Johann Schütte, profesa wa ujenzi wa meli kule Danzig. Kampuni ya Schütte-Lanz ilitumia mbao, plaiwudi iliyogundishwa, na kwa umbo waliizidi kampuni ya Zeppelin mbali sana: wakati zepelini zilikuwa kama bomba lililonyooka lenye mkia uliojaa vibao, yeye alitoa umbo linaloteleza hewani, mkia rahisi wenye mapezi manne, na injini zinazozungusha rafadha moja kwa moja bila shafti ndefu. Vita vilipopamba moto Zeppelin nao wakahamia kwenye umbo hilo. Kilichomwangusha ni mti wenyewe, unanyonya unyevu na gundi inaachia, jeshi la majini linaloruka juu ya bahari kila wiki lingevumiliaje? Zeppelin wakati huo walishapata duralumini, aloi ngumu ya alumini.

Mdadisi77
Asanteni sana wakuu. Sasa moto? Yaani walikaa na injini za petroli chini ya gesi ile na wakalala usingizi?

fundi_anga
Walijifunza kwa maiti mkuu. Soma habari za L 2 ya jeshi la majini, Oktoba 1913 pale Johannisthal. Chombo kikipanda, hewa ya nje inapungua presha, gesi inatanuka, na mifuko ikijaa vali zinafunguka zenyewe kutoa ziada. Kwenye L 2 ile haidrojeni iliyotoka ilishuka mpaka kwenye chumba cha injini, kule mbele walikuwa wameweka kioo cha kuzuia upepo na nyuma yake hewa ikawa inavutwa kuelekea injini. Ikalipuka, watu wote 28 wakafa. Kwangu hilo ni kosa la usanifu kabisa. Baadaye wakaweka njia maalum kati ya mifuko za kupandisha gesi mpaka mgongoni itokee juu.

KimoJuu
Na hiyo hiyo fizikia ya kutanuka ndo iliyowaua mwishoni. Risasi za moto za Waingereza zilipoanza kufanya kazi 1916 (SL 11, chombo cha Schütte-Lanz, kiliangushwa usiku wa kuamkia Septemba 3), Wajerumani wakaamua kupanda juu ambako ndege haifiki. Lakini kwenye mita 5,500 presha ya hewa ni nusu ya ile ya chini, maana yake karibu nusu ya gesi uliyoondoka nayo imeshamwagika njiani, na mita moja ya ujazo inabeba takriban kilo 1.1 tu. Kwa hiyo wakaanza kukata kila kitu, injini moja ikatolewa, sehemu za kupumzikia wafanyakazi zikaondoka, na fremu yenyewe ikakondeshwa. Chombo kilifika juu lakini marubani walijua huku chini kwenye hewa nzito hutakiwi kukata kona kali kwa spidi kubwa, mifupa haihimili.

Waingereza wakafuata michoro ya aina hiyo kutengeneza chombo chao R38, na tarehe 24 Agosti 1921 wakaijaribu kwa kona kali kimo cha chini juu ya Hull. Ikakatika katikati, waliokuwemo 49 wakafa 44. Inaniuma kila nikisoma, maana hesabu ya nguvu ya hewa kwenye kona haikufanywa inavyotakiwa.

Mdadisi77
Daah. Na ile iliyotumwa kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, je, nayo ilikondeshwa?

KimoJuu
L 59 hiyo ilirefushwa, mita 226, Novemba 1917, kutoka Jamboli Bulgaria na tani kama 15 za mizigo. Ilikuwa haina mpango wa kurudi, ngozi ya nje iwe mahema na duralumini iwe mnara wa redio. Jangwani usiku gesi ilipoa ikasinyaa nusura igonge ardhi. Ikaitwa kwa redio ikiwa usawa wa Khartoum, ikageuza. Jumla saa 95, zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua.