Vijiti vipya vya dramu vinaniponyoka, naombeni ushauri

Mdundo_Tu: Wakuu, habari zenu. Napiga dramu mwaka wa nne sasa, siku zote vijiti vya saizi 5A vya mti wa hikori. Juzi nimebadilisha chapa: namba ile ile, mti ule ule, ila hivi vipya vinang'aa kama kioo, na jasho likianza tu vinateleza. Wimbo wa pili cha kulia kimeniponyoka. Nikikaza mkono, kiganja kinauma. Tatizo ni mimi au vijiti?

Fundi_Kerezo: Si wewe, mkuu. Kwanza 5A ni jina tu, kila mtengenezaji ana kipimo chake. Nyingi zina unene wa milimita 14 na kitu, na tofauti ndogo sana kiganja kinaijua. Lakini kwako naona ni vanishi. Vijiti vikishakerezwa na kupigwa msasa, viwanda vingi huvitia kwenye pipa linalozunguka pamoja na nta au vanishi, vinasuguana humo mpaka vinalainika. Vanishi ikizidi inaziba vinyweleo vya mti. Jasho linakosa pa kuingia, linabaki kati ya ngozi na kijiti.

Kavu_Mikono: Kwangu ni kinyume kabisa. Sitoki jasho, na vijiti visivyopakwa kitu vinanitoka kama vina unga. Vya vanishi vikipata joto la mkono vinanata kidogo, ndivyo ninavyovipenda.

Dada_Snea: Usivitupe, kaka. Tafuta msasa laini, namba 320 hivi, sugua pale unaposhika tu, kwa kufuata nyuzi za mti, mpaka mng'ao uishe. Shingo na kichwa usiguse, sauti ya matoazi itabadilika. Tepu ya kuzungushia mimi siipendi, inanenepesha kijiti na uzito unahamia nyuma. Umevipima uzito?

Mdundo_Tu: Nimepima: kimoja gramu 51, kingine 57!

Fundi_Kerezo: Loo, hapo hujauziwa jozi. Mti hutofautiana uzito hata ukiwa wa aina moja, na unyevu uliobaki ndani nao unachangia. Siku nyingine viviringishe mezani uone kama vimenyooka, kisha gonga kimoja kimoja usikilize. Vikilia sauti moja, chukua.

Mdundo_Tu: Mrejesho. Nimesugua cha kulia tu, cha kushoto nikakiacha makusudi. Saa nzima ya mazoezi cha kulia kimetulia, nakishika kwa vidole viwili na kidole gumba bila kukaza. Cha kushoto kimeanguka mara mbili. Nakisugua sasa hivi. Asante sana dada.