Kuomba msaada wa vyoo vya shule Rotary au Lions, tunaanzia wapi?

mjumbe_kamati
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana humu najua kuna watu wa kila aina. Mimi ni mzazi na pia mjumbe wa kamati ya shule ya msingi moja huku Muheza, ndani ndani sio mjini. Masika iliyopita choo cha wasichana kilititia, ukuta wa nyuma ukaenda na shimo, bahati ilikuwa usiku. Sasa hivi shule nzima inategemea matundu 6 na watoto wako 612. Mwongozo wa serikali unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwahiyo ukipiga hesabu wasichana wetu 318 wanatakiwa wawe na matundu 16 na wavulana 294 matundu 12. Kengele ya mapumziko ikilia wasichana wa la sita na la saba hawaendi kwa mama mihogo kama wenzao, wanakimbilia foleni kwanza, na wakiwa kwenye siku zao wengine hawaji kabisa.

Halmashauri tulishaandika, tukaambiwa tusubiri bajeti. Sasa mwalimu mkuu kasema tuandike barua Rotary au Lions Tanga mjini, zile klabu za watu wanaojitolea kusaidia jamii, kwamba wale wanasaidia shule. Hakuna hata mmoja kwenye kamati anayewajua. Barua inaandikwaje, wanatoa hela au vifaa, na masharti yao ni yapi? Au ni klabu za matajiri tu tutapoteza nauli bure?

kijiwe_cha_raskazone
Mkuu andaa kwaya na ngonjera. Watakuja na fulana zao za njano na bluu, hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, picha kumi, kibao chenye nembo ukutani halafu hamuwaoni tena. Hela wanayokula hotelini kila wiki ingeshajenga vyoo vya wilaya nzima.

RotaractIlala
@kijiwe_cha_raskazone hapana bana, ile chakula kila mtu anajilipia mwenyewe. Na nikwambie kitu ambacho watu hawakijui, kwenye mkutano kuna mtu anaitwa sajenti, kazi yake ni kuwatoza faini wanachama, umechelewa faini, hujavaa beji faini, umepata mjukuu unafurahi, nayo toa hela kwa sababu una furaha, na hizo hela ndogo ndogo huwa zinaishia kwenye kazi za klabu. Nimeona mzee mzima analipa faini kwasababu simu yake iliita wakati mgeni anaongea, ukumbi mzima unacheka.

Sasa @mjumbe_kamati, mimi nipo Rotaract (ni ya vijana, ada yetu ni ndogo, kwahiyo hilo la matajiri liache). Kitu cha kwanza ukielewe ni kwamba klabu haina sanduku la hela la kugawa. Klabu ya kawaida ni watu thelathini arobaini hivi, wengine wana biashara, wengine walimu, mabenki, wanasheria. Hela ya miradi wanaitafuta kama nyie tu, kwa kuandaa matembezi, chakula cha jioni, mbio kama zile Rotary Dar Marathon za Oktoba Nyerere Day, na michango yao ya mfukoni. Kwahiyo barua ya "tunaomba msaada" wanapata nyingi sana na nyingi zinaishia kwenye faili, sio roho mbaya.

Kinachofanya kazi ni kumpata mwanachama mmoja akuelewe. Nendeni kama wageni kwenye mkutano, inaruhusiwa, mpigie katibu kabla. Msipeleke watu nane, nenda wewe na mwalimu mkuu, mmoja wa kuongea. Dakika kumi zinatosha, ile hesabu yako ya 318 na matundu 16 ina nguvu kuliko kurasa tano za barua. Halafu waalikeni waje kuona wenyewe, tena waje saa ya mapumziko siyo saa ya masomo.

Kuhusu hela yenyewe kuna njia kama tatu. Kuna klabu kutumia hela yake iliyochangisha, hii ni ya haraka na ndogo. Kuna ruzuku ya distrikti, hii klabu inaiombea kwenye uongozi wao wa juu. Na kuna ruzuku kubwa ya Rotary Foundation, yani mfuko wa Rotary wa dunia nzima, ambayo mradi lazima uanzie dola 30,000, yani milioni 70 na kitu, na lazima ziwepo klabu mbili, moja ya hapa na moja ya nchi nyingine, na kabla ya yote mfanye tathmini ya mahitaji ya jamii, siyo klabu iwaamulie. Maji na usafi ni moja ya maeneo saba wanayofadhili kwahiyo vyoo vinaingia. Ila hela haiji kwenye akaunti ya shule, inakaa akaunti ya mradi na wanaosaini ni wanachama wenyewe wasiopungua wawili. Waambie kamati mapema, maana nimeona kamati zinanuna hapo.

Na angalia kalenda. Mwaka wao unaanza 1 Julai na rais wa klabu anabadilika kila mwaka. Ukipeleka ombi Mei au Juni unakuta anayeondoka anafunga hesabu na anayeingia ameshapanga ya kwake.

mama_wawili_chumbageni
Nyongeza ndogo, hakikisheni mkurugenzi wa halmashauri ana habari na barua yake mnayo mkononi. Mnakumbuka Januari 2018 Magufuli alivyokataza michango mashuleni? Ikaelekezwa anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi, mwalimu asishike hela wala asimrudishe mtoto nyumbani kwa ajili ya mchango. Mwalimu mkuu wenu akianza kupokea hela kwa simu yake hata kama ana nia njema ndio atakayeumia.

FundiSanifu
Mimi naongea kama mtu wa ujenzi. Msiende kwa yoyote bila BOQ ya mhandisi wa halmashauri, yani orodha ya vifaa na kazi zote na gharama zake. Mtu wa klabu akiuliza inagharimu ngapi ukasema "kama milioni thelathini hivi" umeshamaliza mkutano.

Pili hicho choo kilititia kwa sababu, na sababu inatakiwa ijulikane kabla hamjachimba kingine pale pale. Muheza mvua ni nyingi na udongo ukishiba maji shimo lisilojengewa kuta haliwezi kudumu, lijengewe mawe au tofali kuanzia chini, na msimamo wangu ni kwamba shimo lisikae chini ya choo, liwe nyuma, tena mawili, likijaa moja mnafunga mnatumia la pili, la kwanza likikauka linazolewa. Choo kilichokaa juu ya shimo lake kikijaa mnaanza sifuri, na gari la kunyonya sidhani kama linafika huko ndani.

Tatu maji. Choo bila maji ya kunawa ni nusu ya kazi. Paa la darasa la mita za mraba 100, ikinyesha milimita 10 tu unakinga karibu lita 800 baada ya upotevu, simtank la lita 5,000 linajaa kwa mvua chache. Weka mifereji ya bati. Na kwenye upande wa wasichana chumba kimoja kiwe kikubwa kidogo, chenye komeo la ndani, bomba, ndoo na kichomea taka nyuma yake. Wafadhili wengi wanauliza hicho chumba siku hizi, na kwa jinsi ulivyoeleza hali ya watoto wenu mnakihitaji kuliko hata rangi ya ukuta.

Nguvu kazi mchange nyie. Mawe, mchanga, kuchimba shimo, maji ya ujenzi. Iandikwe kwenye BOQ kwa thamani ya hela ionekane kijiji kimetoa kiasi gani.

wa_Nakuru
Nasalimia kutoka Kenya. Hapa kwetu harambee tumezifanya tangu enzi za Mzee Kenyatta, shule nyingi zimejengwa nazo, lakini zikaingiliwa na wanasiasa, mtu anakuja na bahasha ya kuonyesha watu, mpaka 2024 baada ya yale maandamano ya vijana Rais Ruto akatangaza maafisa wa serikali wasishiriki tena. Kwa hivyo mimi napenda hizi klabu kwa sababu moja, hakuna anayeomba kura.

Kuhusu Lions, wao wanajulikana zaidi kwa macho. Nairobi kuna hospitali yao ya macho Loresho, na hufanya kambi mashinani, wazee wanapimwa na wenye mtoto wa jicho wanapelekwa kufanyiwa upasuaji. Lakini shule pia husaidia. Na @kijiwe_cha_raskazone hii ikufae, Lions wana sheria kwamba pesa zilizochangwa na umma haziwezi kutumika kwa mambo ya klabu, wanatenganisha akaunti, ya uendeshaji inalipwa na ada zao, ya huduma inarudi kwa jamii. Unaweza kuwauliza wakuonyeshe, hawatakasirika.

kijiwe_cha_raskazone
Hiyo ya akaunti mbili sikuwa naijua, sawa. Ila kibao ukutani bado nakipinga 😂

MtangaOhio
Mjumbe shikamoo kama umenizidi. Mimi ni wa Tanga nipo Ohio miaka sasa. Huku ndiko Helen Keller, yule mwandishi Mmarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwahutubia Lions mwaka 1925, pale Cedar Point, akawaomba wawapiganie vipofu na ndio mana mpaka leo wamekazania macho.

Nataka nikueleze hela inavyopatikana huku ili usidhani inatoka kwa mzungu mmoja tajiri. Klabu ya mji wetu Jumamosi moja moja inapika chapati za maji kwenye kituo cha zimamoto, kuanzia saa moja asubuhi. Unakuta jaji mstaafu amevaa aproni anageuza chapati, muuza magari anamimina kahawa, watoto wao wanafuta meza. Unalipa dola chache unakula mpaka ushibe, na wengi wanaacha chenji kwenye ndoo. Wanunuzi wa unga na mayai ni wafanyabiashara wa mji wamejitolea, kwahiyo karibu yote inayoingia ni faida. Kwa asubuhi moja haifiki hela ya vyoo vyenu, lakini wanafanya hivyo mwaka mzima.

Ile ya klabu mbili aliyosema RotaractIlala ndio nafasi yetu sisi tulio nje. Mimi sio mwanachama ila nawajua, na klabu za huku huwa zinatafuta mwenzao wa Afrika wa kushirikiana naye. Klabu ya Tanga ikikubali kuubeba mradi wenu mimi nipo tayari kwenda kuongea na wa huku. Lakini lazima waanze wa Tanga, siwezi kuwapelekea wazungu shule ambayo klabu ya jirani yake haijawahi kukanyaga.

mama_wawili_chumbageni
@mjumbe_kamati na msisahau waliosoma hapo. Kila shule ina watu wake Dar. Sisi Watanzania kadi ya harusi ya laki moja tunalipa tena na kukumbushwa kwenye grupu kila asubuhi, kamati inakaa miezi sita kwa shughuli ya usiku mmoja. Fungueni grupu kama la harusi, mwenyekiti, mweka hazina, orodha ya ahadi inabandikwa kila Ijumaa, jina na kiasi na aliyelipa. Hela iende akaunti ya shule kwa kibali cha mkurugenzi. Mkienda Rotary mkasema tumeshachanga milioni nne na mawe yapo site, mazungumzo yanabadilika.

mjumbe_kamati
Aisee asanteni sana, @MtangaOhio marahaba, nina 52. Nimeshaongea na mwalimu mkuu leo, barua kwa mkurugenzi inaandikwa kesho na ya mhandisi tutaipeleka pamoja. Wazee wa kitongoji wamekubali mawe na mchanga, ubishi upo kwenye kuchimba maana kila mtu anasema mgongo unamuuma. @FundiSanifu swali moja, lile shimo la zamani lililotitia tulifanyeje, watoto wanacheza karibu yake?

FundiSanifu
Hilo usisubiri mfadhili. Wiki hii wekeni uzio wa miti pande zote mita tatu kutoka ukingoni, maana ukingo nao unaweza kwenda. Halafu kifusi cha ule ukuta kiingie shimoni, udongo juu, mshindilie, na mrundike uzidi usawa wa ardhi kwa sababu utashuka. Msijenge chochote juu yake, pandeni migomba. Nicheki inbox nikutumie mchoro wa mashimo mawili, mhandisi aupitie.