Tupeane uzoefu: runinga, mastaa na mambo yao ya ndani

Ndugu zangu, salaam kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Dukani kwangu tivii iko juu ya friji ya soda, na kipindi cha udaku kikianza hata anayedai chenji yake husubiri. Nataka tusimuliane. Maisha ya mastaa yaliingiaje nyumbani kwako au kazini kwako, na yalileta nini? Andika uliyoyaona mwenyewe. Jina la jirani usilitaje.

Mwenye kibanda, Malaba
Naanzia 2003, Big Brother Africa ya kwanza. Nilikuwa na kibanda cha video, watu wamezoea mpira na filamu zinazotafsiriwa Kiganda. Mara wakaanza kuja kutazama watu waliokaa tu ndani ya nyumba: wanapika, wanalala, wananuniana. Mganda wetu mle alikuwa Gaetano Kagwa. Alipoanza mapenzi na Abby wa Afrika Kusini, wazee waliguna, vijana wakapiga miluzi, na kila mmoja alimsema kama anamsema mpwa wake. Bunge la Malawi lilifikia kupiga marufuku matangazo yale kwao. Aliyeshinda ni Cherise wa Zambia, lakini waulize watu wa Malaba wa umri wangu: hawamkumbuki. Wanamkumbuka Gaetano na Abby.

Mama wa saluni, Bombo
Mimi nitasema ya Zari, mfanyabiashara maarufu, binti yetu wa Jinja. Tarehe 14 Februari 2018 aliweka ua jeusi Instagram na kutangaza ameachana na Diamond, mwanamuziki wa Tanzania aliyezaa naye. Vituo vyote viliimba hilo. Saluni iligawanyika, wengine wakimtetea, wengine wakisema angevumilia kwa ajili ya watoto. Mteja wangu mmoja, mtu wa kimya siku zote, akasema: "Zari ana hela zake, anaondoka. Asiye na hela aende wapi?" Tukanyamaza wote. Hakuna aliyemuuliza habari za kwake, maana alikwisha kutuambia. Baadaye tulimwingiza kwenye chama chetu cha akiba, na leo ana meza yake ya nguo sokoni.

Mwaka uleule tuliletewa kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku, na Rais mwenyewe alikuwa ameandika kwamba watu wanatumia mitandao kwa olugambo, yaani udaku. Mimi nasema aje akae saluni. Kuna mambo mwanamke hawezi kuyatamka kwa jina lake. Akiyatamka kwa jina la Zari, anasikilizwa, na hakuna wa kwenda kumchongea kwa mumewe.

Mwalimu, Arua
Nakuheshimu mama, ila mimi kuna jambo liliniumiza. Mei 2017 alizikwa Ivan Ssemwanga, tajiri aliyewahi kuwa mume wa Zari, kule Kayunga, na runinga zikaonyesha noti zikitupwa kaburini. Asubuhi darasa langu la sita (P6) lilikuwa linabishana ni pesa ngapi. Mvulana mmoja, ambaye alikuwa amempoteza baba yake, hakuwa na habari na pesa. Aliniuliza: "Mwalimu, watoto wa marehemu waliulizwa kama wanataka kamera?" Niliacha hesabu, tukafungua Katiba, ibara ya 27, inayolinda faragha ya mtu. Tulikaa nayo hadi kengele ikalia. Mpaka leo nikiona msiba wa mtu maarufu kwenye tivii, nawatafuta watoto pembeni mwa picha.

Mpiga picha za video, Kampala
Nilibebea kamera kituo kimoja, sikitaji. Mjue kwamba mara nyingi staa ndiye anayepiga simu. Wimbo mpya unatoka wiki ijayo, basi meneja wake anatuambia kuna ugomvi nyumbani, njooni. Siku moja mwanamuziki alitualika kwake na mkewe hakuambiwa. Dada wa watu akatoka jikoni na kanga kifuani, mikono ina unga, akakuta taa usoni. Alituomba kwa upole tungoje abadilishe nguo. Mtayarishaji akasema hiyohiyo ndiyo anayoitaka, na ndiyo iliyorushwa jioni. Mtazamaji alidhani nyumba nzima imekubali, kumbe ni mtu mmoja tu aliyekubali.

Kijana wa Mbarara
Lakini wazee wangu, Zari na Diamond waliingia wenyewe kwenye Young, Famous & African, kipindi cha Netflix cha maisha ya mastaa, 2022. Hakuna aliyewalazimisha. Mtu akiamua kuuza maisha yake, kosa la mnunuzi liko wapi?

Mama wa saluni, Bombo
Wao waliamua, mwanangu. Watoto wao, Tiffah na Nillan, waliamua lini?

Mwenye uzi, Busia
Hapo ndipo nataka tuendelee. Kati yetu wamo waliolelewa kwenye nyumba zinazosemwa: baba mchezaji, mama mwimbaji, mchungaji wa kanisa kubwa, mbunge. Mje mtuambie shuleni ilikuwaje asubuhi baada ya kipindi. Atakayewadhihaki humu nitamtoa mwenyewe.