Sinthesaiza ya analogi na ya dijitali: tofauti iko wapi hasa?

Mtoa hoja:
Kila mara suala hili linapozuka, husemwa kwamba sauti ya sinthesaiza (ala inayounda sauti kwa umeme) ya analogi, inayotumia saketi za umeme moja kwa moja, ni nene na hai, ilhali ya dijitali, inayoundwa kwa hesabu za kompyuta, ni kavu kwa kuwa imekatwakatwa kuwa tarakimu. Sisemi kwamba masikio ya wanaodai hivyo yanawadanganya. Nasema wamekosea chanzo. Sampuli (yaani vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD, zinatosha kubeba masafa yote hadi karibu hezi 22,000, na sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 au chini yake. Tena sauti ya Minimoog, sinthesaiza maarufu ya analogi, siku hizi humfikia msikilizaji ikiwa imekwisha kugeuzwa tarakimu, na unene wake haupotei njiani.

Unene huo unatokana na nini basi? Minimoog, ya mwaka 1970, ina osileta tatu, yaani saketi zinazozalisha mlio. Zilinganishe zote kwenye noti moja, kisha shikilia kibonye: baada ya muda mlio huanza kuvimba na kunywea polepole, kwa sababu osileta hazitulii, na saketi zikipata joto kila moja huteleza kidogo nje ya tuni kwa namna yake. Ni kasoro ya uhandisi ambayo wanamuziki wameipenda, na programu inaweza kuiiga.

Kwangu tofauti kubwa iko mikononi. Yamaha DX7 ya 1983, sinthesaiza ya dijitali iliyojengwa juu ya ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford wa kuunda sauti kwa kuliacha wimbi moja litikise masafa ya jingine, ilitoa noti 16 kwa pamoja, lakini vitufe vya kuzungusha vya Minimoog havikuwamo: kulikuwa na vitufe bapa, kioo kidogo na slaida moja ya kubadilishia thamani, kigezo kimoja baada ya kingine. Wengi walibaki na sauti za kiwandani, nami siwalaumu.

Mchangiaji:
Kuhusu paneli nakuunga mkono, ila kwenye sampuli umepita haraka mno. Kurekodi sauti na kuizalisha ni mambo mawili. Unaporekodi, masafa yanayozidi kikomo huchujwa kwanza. Lakini sinthesaiza ya dijitali inapounda wimbi la msumeno (lenye umbo la meno ya msumeno) kwa hesabu rahisi, masafa yaliyozidi hujikunja na kurudi chini yakiwa milio isiyohusiana na noti unayoipiga. Panda oktavi za juu kwenye programu iliyotengenezwa ovyo, utasikia kimluzi kinashuka huku vidole vinapanda. Ukavu wanaoulalamikia watu ni huo, na hauhusiani na mikono.

Mtoa hoja:
Hapo umenishika, na nilipaswa kulitaja. Hata hivyo, "iliyotengenezwa ovyo" ni maneno yako mwenyewe: programu nzuri huunda mawimbi yasiyovuka kikomo, au hufanya hesabu kwa kasi ya sampuli iliyo mara kadhaa zaidi kisha ikachuja. Na mpaka wenyewe si mnyoofu kama tunavyouchora. Sinthesaiza ya Prophet-5 ya 1978 ilitoa sauti ya analogi huku maikroprosesa, yaani kompyuta ndogo ndani yake, ikizihifadhi sauti ulizozitengeneza. Katika Roland Juno-106 ya 1984, kasi ya osileta huongozwa na saa ya dijitali (mapigo ya umeme yasiyoyumba), ndiyo maana haipotezi tuni. Anayeisifu kwa osileta zisizotulia anasifu kitu ambacho haina. Akizima korasi yake (athari inayoifanya sauti moja isikike kama kadhaa), atagundua unene mwingi ulikuwa unatoka huko.