Mrejesho: Tulienda kula nyama kwa Wabrazili

Wakuu, niliuliza hapa kama asiye mlaji sana atapata hasara kwenye mgahawa wa Kibrazili huku Houston, ule wa bei moja unakula mpaka ushibe. Tulienda Jumamosi, watu wanne. Asanteni mlionionya nisijaze tumbo kwenye saladi. Rafiki yangu alibeza, akafakamia vile vimkate vya jibini. Picanha, ile nyama ya makalio ya ng'ombe, inafika, yeye anahema tu. Na picanha ndiyo yenyewe: ukanda wa mafuta juu, chumvi ya mawe basi, unakatiwa mezani kutoka kwenye mshikaki mrefu kama upanga. Kadi yangu ya mezani niliisahau upande wa kijani, yaani "endelea kuleta nyama", wahudumu hawakunipa hata pumzi! Ila vinywaji vililipiwa kando, hilo hamkunitajia.